Riali kumi kwa bei ya kutupa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa hapa Tanga, naishi Chumbageni. Binti yangu anaolewa, na nimetamani kumtengenezea kidani cha riali, zile sarafu kubwa za fedha za zamani, kama alichokuwa akivaa marehemu bibi yangu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna kijana anauza riali kumi za Maria Theresa, kila moja shilingi 15,000, na rupia nne za Mjerumani kwa 10,000 kila moja. Nikizichukua zote ananiongezea bure sarafu ya tembo, nayo anasema ni ya fedha. Kwa maelezo yake, babu yake alizifukua kwenye boma la Mombo. Mjerumani alizificha mwaka 1914 Mwingereza alipoishambulia Tanga. Anataka nimtumie nusu ya pesa kwa simu leo leo kwa kuwa kuna mteja wa Dar anazisubiri. Picha nimekutumia. Nitajuaje kama ni fedha ya kweli?

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa shughuli iliyo mbele yako. Pesa usitume. Nimezitazama picha zako kwa makini, na zinasema mengi kuliko muuzaji alivyokusudia.

Nianze na huyo tembo, maana ndiye aliyemwumbua mwenyewe. Sarafu ya tembo aliyeinua mkonga, mlima ukionekana nyuma yake, ilipigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamebanwa, bahari imefungwa na manowari za Waingereza, na sarafu za kutoka Ulaya haziingii tena. Ilikuwa ya rupia 15, na ilikuwa ya dhahabu: uzito wake gramu 7 na ushei, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu tupu. Tembo wa fedha hakutolewa kwa matumizi. Sasa niambie, hazina iliyofukiwa 1914 imepataje sarafu iliyopigwa 1916? Labda huyo Mjerumani wa Mombo alikuwa mpiga ramli.

Usidhani nakejeli hadithi za mali za Mjerumani kwa sababu tu ni hadithi. Rupia za kweli zipo majumbani mwetu, na si ajabu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Mishahara ya vibarua wa reli na wa mashamba ya mkonge ilihesabiwa kwa rupia na pesa (sarafu ndogo ya shaba ya wakati huo), na wapo wazee walioziweka ndani ya sanduku mpaka zikarithiwa. Ila mali iliyorithiwa hutoka sandukuni kwa mchanganyiko: moja imesagika mpaka sura haionekani, nyingine ina tobo, nyingine nyeusi tititi. Zako zinang'aa sawasawa kama sufuria mpya za dukani.

Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo inayotangulia kabla hujaigusa sarafu. Riali ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28.07. Haikupigwa kwa fedha tupu. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha na iliyobaki ni shaba. Maana yake ndani ya riali moja kuna gramu 23.39 za fedha safi. Rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66 na ni fedha ya 917, kwa hiyo imebeba gramu 10.69 za fedha safi. Bei ya fedha hupanda na kushuka kila siku, hivyo muulize sonara bei ya gramu siku unayotaka kununua. Kwa mfano tu, tuseme gramu moja ni shilingi 3,000. Riali moja, kwa madini peke yake, itakuwa na thamani ya shilingi 70,000 na kitu, na rupia ni kama 32,000. Hata ukiikata bei hiyo nusu, riali bado ni 35,000. Kijana anakuuzia 15,000.

Kwa nini auze hasara? Angeweza kuvuka barabara, akaingia kwa sonara yeyote wa Ngamiani, akaziuza kwa kilo zikayeyushwe, akapata zaidi. Nakubali, huwa inatokea: mjane asiyejua thamani ya alichonacho, au mtu aliyebanwa na ada ya shule. Lakini mtu wa namna hiyo huwa na sarafu moja au mbili ndani ya leso, na humfuata jirani. Hawi na riali kumi, picha zilizopigwa vizuri, na mteja wa Dar anayesubiri. Mwenye simu ya kuingia WhatsApp ana simu ya kutafutia bei ya fedha.

Kuna jambo moja kuhusu riali ambalo wauzaji hulitumia kutisha watu, na wengine hulitumia kuwapumbaza. Karibu zote zimeandikwa 1780. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki Novemba mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sura yake hata hawakutaka nyingine, basi Vienna ikaendelea kuipiga kwa mwaka uleule. Baadaye ikapigwa na wengine pia: Roma kuanzia 1935, London kuanzia 1936, Bombay mwanzoni mwa miaka ya 1940, Birmingham kati ya 1949 na 1955. Hizo zote ni halali, uzito uleule na fedha ileile. Kwa hiyo akija mtu kukwambia riali yako ni feki eti kwa kuwa ilipigwa London, mpuuze. Na akija mwingine kukuuzia kwa bei ya almasi kwa sababu ina miaka zaidi ya 240, mpuuze vilevile. Zilipigwa mamilioni kwa mamilioni, na riali ya kawaida thamani yake kubwa ni fedha iliyomo. Kwa kidani cha binti, hilo ndilo unalolihitaji.

Sasa turudi kwenye picha. Ikuze ile ya pili, ya riali zilizopangwa juu ya kitambaa chekundu. Tazama shavu la Malkia, chini kidogo ya jicho. Riali ya kwanza ina kovu dogo kama mkato wa ukucha, limelalia upande wa pua. Ya nne inalo. Ya saba inalo, palepale, urefu uleule, mlalo uleule. Sarafu ikianguka hupata jeraha lake yenyewe. Jeraha moja haliwezi kuzipata sarafu tatu mahali pamoja. Maana yake ni kwamba kulikuwa na riali moja ya asili yenye kovu hilo, ikatumika kutengenezea kalibu, na kila iliyotoka ikazaliwa na kovu. Hii kwangu ni dalili nzito kuliko rangi na kuliko mng'ao. Ndiyo sababu ukiuziwa sarafu nyingi kwa pamoja usizitazame mojamoja tu. Zipange mstari, uzilinganishe.

Sarafu ya kusubu, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu, ina dalili nyingine ukiishika mkononi. Uwanda wake, pale pasipo na mchoro, huwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, kwa sababu ya hewa iliyonasa wakati madini yanapomiminwa. Herufi zake huwa za mviringo, kama sabuni iliyotumika, wakati za sarafu iliyopigwa kwa nguvu husimama na kona zake. Kisha igeuze utazame ubavu. Riali ya kweli ina maneno ya Kilatini yanayozunguka ubavuni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na mapambo katikati yake. Nyingi za bandia zina ubavu mtupu, au mikato kama ya shilingi, au ufito mwembamba unaozunguka katikati, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na mara nyingi ufito huo umepigwa tupa ili usionekane. Rupia ya Mjerumani ndiyo yenye mikato midogomidogo ubavuni. Mwombe muuzaji picha ya ubavu. Wengi hunyamaza hapo hapo.

Uzitazame na sehemu zilizoinuka: nywele za Malkia, bega, ncha za mabawa ya tai upande wa pili. Sarafu iliyochovywa fedha huchubuka hapo kwanza, na chini yake hutokeza wekundu wa shaba au umanjano. Weusi peke yake si kasoro. Fedha ya kweli hugeuka nyeusi, hasa kwetu pwani, na weusi wa kweli hujificha kwenye mabonde ya mchoro huku vilima vikibaki vyeupe kwa kuguswaguswa. Weusi uliopakwa makusudi huenea kila mahali sawasawa, na ukisugua kwa kidole chenye mate hutoka.

Lakini macho hudanganyika, na waliobobea katika kazi hii wanatengeneza bandia nzuri. Kisichodanganyika kirahisi ni mizani. Nunua au azima mizani ndogo ya kidijitali ya kusoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, ile wanayotumia masonara. Riali nzima isome 28 au karibu yake. Iliyosagika inaweza kushuka mpaka 27 na nusu. Yenye kitanzi cha kuning'iniza kilicholehemiwa itazidi kidogo, usishtuke. Bandia ya ukubwa uleule iliyotengenezwa kwa shaba na nikeli itakuwa na gramu 24 na nusu hivi, kwa sababu madini hayo ni mepesi kuliko fedha. Hapo umemaliza kazi, mrudishie mwenyewe.

Sasa tuseme mtengenezaji ni mjanja, ameongeza unene ili uzito ulingane. Hapo ndipo yanapoingia maji. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, kisha bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ichovye yote ndani ya maji huku ukiushikilia uzi, isiguse chini wala ubavu wa kikombe. Itikise kidogo mapovu yatoke. Namba itakayoonekana iandike. Halafu chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, ugawanye kwa namba hiyo. Riali ya kweli itakupa takribani 10.2: yaani gramu 28.07 gawanya kwa 2.75. Rupia itakupa 10.3, kwa sababu ndani ya maji itasoma kama 1.13. Shaba na nikeli zitakupa karibu 8.9, shaba ya njano pungufu ya hapo. Ile riali mjanja ya shaba na nikeli yenye uzito kamili, ndani ya maji itasoma 3.15 badala ya 2.75, na tofauti hiyo mizani yako inaiona bila taabu.

Angalia usikosee jambo moja: namba ya majini peke yake haitoshi. Bandia nyepesi ya gramu 24.5 nayo itasoma 2.75 majini, kwa kuwa ukubwa wake ni ule ule. Lazima ugawanye.

Upo udhaifu mmoja katika kipimo hiki. Risasi ni nzito kuliko fedha, na mtu akiichanganya na bati kwa ustadi anaweza kuikaribia ile 10.2. Huyo utamkamata kwa sauti. Iweke riali juu ya ncha ya kidole, iguse ubavu kwa sarafu nyingine: fedha hulia mlio mwembamba unaokwenda mbali, ya risasi husema "tap" ikanyamaza. Na risasi ni laini, hata ukucha huiacha alama.

Sumaku itakusaidia kidogo tu. Ikinasa, ni chuma, itupe. Isiponasa hujajua lolote, kwa maana shaba, bati na risasi nazo hazinasi. Kuhusu kuweka barafu juu ya sarafu uone inavyoyeyuka haraka, mchezo huo unavuma sana mitandaoni, lakini shaba nayo hupitisha joto karibu sawa na fedha. Kuing'ata meno, waachie wa kwenye sinema.

Na ukisikia habari za rupia yenye "nguvu", ile inayovuta punje za mchele au inayozima simu, ambayo kuna tajiri wa ng'ambo anayeitafuta kwa mamilioni, hapo hata mizani usiitoe. Ondoka.

Asidi ya sonara ni ya kuaminika, ila ina masharti. Akidondosha juu ya sarafu iliyochovywa, atakuwa ameipima ngozi tu. Lazima akwaruze kidogo ubavuni, au aisugue kwenye jiwe lake mpaka mstari utoke kwa undani, ndipo adondoshe. Ikichemka na kutoa povu la kijani, hiyo ni shaba. Mashine za miale zinazotumiwa na wanunuzi wa dhahabu nazo husoma ngozi ya juu, kwa hiyo mchovyo mnene unaweza kuipotosha. Kwa riali za kidani, mkwaruzo mdogo ubavuni hauna neno. Kwa sarafu yenye thamani kwa wakusanyaji, nisingemruhusu sonara aiguse kwa tupa.

Hilo linanileta kwenye zile rupia nne. Moja imeandikwa 2 RUPIEN, mwaka 1911. Hiyo haiwezekani. Sarafu ya rupia mbili ilipigwa 1893 na 1894 tu, enzi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikitoa sarafu, yenye simba na mnazi mgongoni. Kuanzia 1904, serikali ilipochukua upigaji wa sarafu na rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, kubwa ya fedha ilikuwa rupia moja. Mbili nyingine picha zake zimefifia, siwezi kuzihukumu. Ya mwisho, ile iliyochakaa ya 1905, mimi naiona ni ya kweli. Masharubu ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani, yamesagika, weusi umekaa kwenye mabonde ya kofia yake ya tai, na maandishi yamesimama wima.

Usifurahi haraka. Sarafu moja ya kweli ndani ya mfuko wa bandia ni chambo. Ukimwomba ukapime, atakupa hiyo, utaipeleka kwa sonara, sonara atasema safi, nawe utatoa 190,000 kwa moyo mmoja. Pima kila moja. Ukiwa na kumi, pima kumi.

Njia ya kumaliza jambo hili ni hii. Mwambie kijana mkutane dukani kwa sonara wako, mchana, aje nazo zote, na kwamba utalipa taslimu kwa kila itakayofaulu mizani na maji, kwa bei ya gramu ya siku hiyo ukipunguza kidogo faida ya sonara. Ofa hiyo ni kubwa kuliko anayoitaka yeye. Kama riali ni za kweli, atapata zaidi ya 15,000 kwa kila moja. Mwenye mali ya kweli atakuja mbio. Akisema mteja wa Dar amewahi, mwache Dar aende nazo. Na kama kweli zimefukuliwa, basi kuna jingine: kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvitoa vitu hivyo nje ya nchi bila ruhusa ni kosa pia. Muulize boma gani hilo na nani alimruhusu, usikie atakavyojibu.

Ukikosa riali za kutosha, wapo wenye kuuza shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, na zinapendeza kidanini. Ila tazama mwaka. Za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, na za 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli, bila fedha hata chembe. Uzito haukusaidii hapo, zinakaribiana. Zote ni halali, kwa hiyo si utapeli mtu akikuuzia ya 1950. Utapeli ni akiita fedha. Vivyo hivyo pesa za 1890 hadi 1892 zenye maandishi ya Kiarabu: asili yake ni shaba nyekundu, na ukiiona moja nyeupe ujue imechovywa.

Ile rupia ya 1905, akikubali kuiuza peke yake na ikafika 10.3 kwenye maji, ichukue hata kwa 30,000. Usiitoboe wala usiisugue kwa majivu au dawa ya meno. Tafuta kwenye maandishi herufi ndogo, A au J, iliyopigwa Berlin au Hamburg, unipigie picha ya karibu, na ubavu wake pia, nikuambie kama ni ya kuvaliwa au ya kuwekwa.